Kazi ya Viti

Siku yangu ya kwanza kazini niliipitisha nikiwa nimekaa. Nilikuwa nimefika ofisi ya protokoli ya Goma asubuhi na mapema, na pagne mpya ya kitenge, viatu vya kuazima, na cheti cha shule ndani ya bahasha. Citoyen Directeur, yaani Mwananchi Mkurugenzi, mkuu wa protokoli, hakukitazama hata kidogo hicho cheti. Alikuwa mwanamume mfupi, abakosti yake, lile koti la Zaïre lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa, na alitembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akanipeleka kwenye ukumbi wa mikutano, akanionyesha meza ndefu na viti vyake vyote.

"Ikala kwa kila kiti, Citoyenne. Kisha utaniambia mutu mwenye atakaa pale ataona nini."

Nilidhani ananitania, kwa sababu wageni wa kazi hutaniwa. Lakini alikwisha kuondoka na kufunga mlango, basi nikakaa. Kwenye kiti kimoja jua la dirishani lilinichoma macho. Kwenye kingine nilitazamana na mlango wa choo. Kwenye kingine mguu wa meza ulinigonga goti kila nilipojaribu kukaa kwa heshima. Aliporudi mchana nikamweleza yote, nikamwonyesha na goti.

"Bon," akasema. "Kiti cha jua usimupe mutu mwenye amekuja na hasira. Ataona hasira yake inatoka kwa wenzake, kumbe inatoka kwa dirisha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ninyi vijana mnaoniuliza protokoli ilikuwa kazi gani, jibu langu ni hilo: kuwakutanisha wakubwa bila kugongana. Tulikuwa na neno letu, préséance, maana yake nani anatangulia na nani anafuata, mlangoni, mezani, garini, hata kwenye sahani ya maandazi. Mtu wa kawaida akichelewa kupewa chai atanuna kidogo na kusahau. Waziri akichelewa kupewa chai, ni nchi nzima imenuna.

Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi, siwafichi. Nilipenda harufu ya vitambaa vya meza vilivyotoka kufuliwa. Nilipenda kiwanja cha ndege siku za mapokezi, akina mama wa animation wakicheza na kuimba hata kama mvua inanyesha, sisi tukikimbiza zulia jekundu kwa sababu rubani amegeuza ndege na mlango umekuja upande mwingine. Wakati ule, kwa amri ya serikali, majina ya ubatizo tuliyaacha mlangoni pa ofisi. Kazini nilikuwa Citoyenne Nyirahabimana, nyumbani nilikuwa Odeta, na kati ya hao wawili nilijua vizuri ni yupi wa kukasirika na ni yupi wa kunyamaza.

Walinituma Bukavu, chini ya bosi mwingine, Chef de Cabinet, aliyekuwa adui wa upepo. Kila dirisha lifungwe, kila karatasi iwekewe jiwe juu. Baadaye walinituma Kinshasa, nikabeba bendera za nchi ambazo sikujua ziko wapi, katika joto ambalo mtoto wa Kivu hajaumbiwa. Bosi wangu wa kule, Citoyen Secrétaire, alinifundisha kuwa mgeni hasomewi saa. "Ukiangalia saa yako mbele ya mugeni," alisema, "umemufukuza." Mpaka leo sivai saa. Kisha niliomba kurudi Goma, kwa sababu Papa alikuwa amezeeka, na kaka yangu Yozefu, mtoto wake wa kwanza, hakuwepo tena wa kumwangalia.

Hapo lazima niwaeleze habari za Yozefu, maana bila yeye hamtaelewa yaliyobaki.

Yozefu alikuwa dereva wa lori. Alipakia samaki wakavu wa Vitshumbi, akawavusha mpaka nchi ya jirani, akaipita nchi hiyo yote, akawauza katika nchi ya pili iliyo mbele yake. Nchi hizo mbili zilikuwa zikichukiana tangu zamani. Mwaka mmoja, Yozefu akiwa kule mbali, zikafunga mpaka kati yao. Asiyekuwa mwenyeji akakwama pale alipokuwa, na hakukuwa na njia nyingine ya kurudi kwetu. Miaka ikapita. Tulipata salamu zake kwa mapadri wanaosafiri: yuko mzima, anafanya kazi ya kupakia mbao, anamsalimu Papa. Papa naye aliuacha mji wake wa Kiwanja, akahamia Keshero, mtaa wa Goma, kwa dada yake, shangazi yangu, ili awe karibu na hospitali. Kila alipokohoa alisema, "Miye nangojea Yozefu." Alisema hivyo kama mtu anayengojea gari lililochelewa kidogo tu.

Sasa fikirini nilivyoshtuka siku ile Citoyen Directeur aliponiita na kuniambia kwamba nchi hizo mbili zinakuja Goma kuzungumza.

Sitazitaja kwa majina. Niliapa, na hata kama kiapo chenyewe kilikufa pamoja na Zaïre, mimi bado niko hai. Ofisini tuliwaita kwa vyumba vyao. Wajumbe wa nchi ya kwanza tuliwaweka upande wa nyumba ya wageni unaotazama ziwa, tukawaita Watu wa Ziwa. Wa nchi ya pili, ile alikokwama Yozefu, tuliwaweka upande unaotazama Nyiragongo, wakawa Watu wa Mlima. Wakuu wao walikuwa wazee wawili, na Kiswahili walikijua wote, kila mmoja cha kwao. Muzee wa Ziwa alikuwa mrefu, mwenye macho ya upole na kikohozi. Muzee wa Mlima alikuwa mnene, mcheshi kwa wapishi na mkali kwa wengine wote.

Nilimwambia Citoyen Directeur ukweli siku ileile. "Citoyen Directeur, kaka yangu amefungiwa huko. Kama inafaa nitoke, nitatoka."

"Utabaki," akasema. "Lakini sikiya. Siye tunatoa bons offices. Maana yake mwenye nyumba anatoa nyumba, anatoa chai, anatoa masikio. Mawazo hatoi. Siku utasema jina ya ndugu yako mbele ya mumoja wao, tumekwisha kuwa na upande. Unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Ata wakikuuliza?"

"Ata wakiniuliza."

Nikanyamaza. Na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika maisha yangu, maana niliwamiminia chai kila asubuhi wazee wawili ambao kila mmoja alikuwa na ufunguo wa kaka yangu mfukoni.

Mazungumzo yenyewe hayakuanza. Nasema kweli, yalikuja Goma na hayakuanza. Kila mkuu alikuwa amepewa amri na serikali yake: usitoe mkono wa kwanza. Anayetoa wa kwanza ameomba, na anayeomba amekubali makosa. Wakikaa chumba kimoja lazima wasalimiane, basi hawakukaa chumba kimoja. Sisi tukawa tunabeba maneno yao kupitia korido, kutoka ziwani kwenda mlimani na kurudi. Neno lilitoka upande mmoja likiwa na moto, tukalipoza njiani kidogo, likafika upande wa pili likiwa vuguvugu.

Citoyen Directeur alijaribu kila kitu anachokijua. Alimwita fundi atoboe mlango wa pili katika ukumbi, ili wazee waingie pamoja, kila mmoja upande wake. Mlango ukatobolewa, vumbi likajaa mpaka kwenye sukari. Watu wa Mlima wakapima wakasema mlango wao ni mwembamba. Tukaupanua. Watu wa Ziwa wakasema sasa wa kwao ndio mwembamba. Mpishi, mtu wa Masisi ambaye kwao ni wafugaji, alitikisa kichwa: "Fahali wawili hawakai zizi moja, na ninyi munaongeza tu milango." Nilicheka, kisha nikaenda stoo nikalia, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha.

Mwishowe wote wawili wakatangaza kwamba wanaondoka. Ndege zikaombwa ziwe tayari baada ya siku tatu. Asubuhi iliyofuata nilikuwa napanga vikombe vya chai, mtoto wa jirani yetu wa Keshero alipotumwa kuniita. Papa alikuwa amefariki alfajiri.

Nilisimama na kikombe mkononi. Niliona aibu kwa jambo moja, nalo ni kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa la Yozefu: alingojewa mpaka pumzi ya mwisho, na sasa ndege hizi zinaondoka. Citoyen Directeur alininyang'anya kikombe taratibu.

"Wende, Odeta," akasema. Hakuwahi kuniita jina hilo, wala sikujua kama analijua.

Kwetu msiba tunauita kilio, na kilio kina sheria zake ambazo hakuna waziri aliyezitunga. Wanawake hukaa ndani juu ya mikeka, wanaume hukaa nje. Binti wa marehemu haondoki kwenye mkeka. Watu ndio wanaokuja kwake. Mgeni akishatoa pole ndani, hutoka nje na kuwashika mkono wanaume wote waliokaa, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Kumruka mtu kwenye kilio ni kumtukana aliyekufa. Na mkiwa katika sala hakuna anayeinuka mpaka katekista amalize.

Kwa ukoo wetu kuna jambo moja zaidi. Mtoto wa kwanza ndiye anayeweka udongo wa kwanza kaburini, na udongo huo lazima utoke katika shamba la baba. Keshero ni mawe meusi ya volkano, udongo wa shamba letu uko Kiwanja, basi binamu yangu alikwenda akauleta katika beseni. Shangazi aliiweka beseni hiyo kwenye kiti kitupu nje, karibu na mlango, akaifunika kwa jani la mgomba. Tulimzika Papa kwa udongo mwingine. Ule wa Kiwanja ukabaki kwenye kiti cha Yozefu.

Kesho yake mchana niliona kupitia mlangoni gari la protokoli likisimama barabarani, na Muzee wa Ziwa akishuka na kikohozi chake. Baadaye nilikuja kujua kwamba asubuhi ile aliletewa chai na mtu mwingine, akauliza mimi niko wapi, na alipoambiwa akasema, "Nimekula mikononi mwake. Siwezi kuondoka kwenu kama mwizi." Muzee wa Mlima naye, upande wake, akasema hivyohivyo. Citoyen Directeur akapanga nyakati mbili tofauti: mmoja aje, atoe pole, aondoke, kisha mwingine. Protokoli safi kabisa. Alisahau tu kwamba anawapeleka kwenye kilio.

Muzee wa Ziwa aliingia, akaninamia pale mkekani, akasema, "Pole sana, mama." Akatoka nje, akawashika mikono wanaume wote, majirani, wavuvi, mafundi, akakaa kwenye benchi la parokia. Alikuwa bado hajapumzika vizuri pale katekista alipoinuka na kuanza sala. Katekista wetu alikuwa mtu wa Mungu ambaye hakuwahi kuifahamu sala fupi. Rozari ilikuwa inaendelea bado, na gari la pili likafika.

Mimi nilikuwa namwona Citoyen Directeur pale barabarani, mikono yake ikitapatapa hewani. Nilitaka kuinuka. Miaka yote ile nilikuwa nimepanga viti vya watu hawa, na sasa nilikuwa mkekani, miguu imekunjwa, shangazi amenishika bega.

"Tulia," alininong'oneza. "Uko mutoto wa marehemu leo, kazi iko kwa wenye kuishi."

Sala ikaisha. Muzee wa Mlima akaingia, akanipa pole, na mkono wake ulikuwa na jasho. Alikwisha kumwona mwenzake. Akatoka. Nilimsikia anaanza kuzunguka: pole, pole, poleni. Kila mkono alioushika ulimsogeza karibu na benchi. Wajumbe wake kule nje ya ua walikuwa wamekauka kama nguzo. Akamshika mkono fundi wa viatu aliyekaa kabla ya Muzee wa Ziwa, akamshikilia muda mrefu, yule fundi mwenyewe akashangaa amependwa kwa lipi.

Kisha akanyoosha mkono. Ulibaki hewani. Muzee wa Ziwa aliutazama. Akaupokea kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole," naye yule akajibu, "Pole na wewe."

Citoyen Directeur alikaa chini, juu ya jiwe, na abakosti yake yote.

Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa na Muzee wa Mlima alikuwa mtu mnene mwenye miguu iliyochoka. Aliona kiti cha beseni karibu na mlango. Akainama kuiweka beseni chini ili akae.

"Hapana, papa!" Shangazi alipaza sauti kutoka mkekani. "Hiyo kiti habaikalaki!"

Alishtuka akaiachia. "Samahani, mama. Ni ya nani?"

Nilimfinya shangazi pajani. Hakujali. Yeye aliwaona wazee wawili wa heshima, wakubwa wa kazini kwangu, wala hakujua wanatoka wapi.

"Ni ya Yozefu, mutoto mukubwa wa marehemu. Iko ng'ambo kule, barabara banafunga. Baba yake alimungojea mupaka akachoka. Ile njo udongo yake, ataweka siku atakuya." Halafu akawaangalia wale waliokaa kwenye benchi la parokia. "Sogeeni basi kidogo, mupatie muzee fasi aikale!"

Na Muzee wa Ziwa akasogea. Muzee wa Mlima akakaa kando yake, bega kwa bega, maana benchi lilikuwa fupi. Mbele yao kilikuwa kile kiti na ile beseni. Waliletewa kinywaji cha mtama katika vikombe vya plastiki, wakanywa. Mimi nilifunika uso kwa kitenge. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza na nikanyamaza, lakini shangazi hakuwa mtumishi wa serikali.

Siku iliyofuata sikusikia ndege. Badala yake alikuja Citoyen Directeur mwenyewe, na gari la ofisi, akamwomba katekista amwazime lile benchi.

"Viti vimekosa nini?" nilimuuliza.

"Havina kosa. Wanataka benchi." Alinitazama, mara ya kwanza bila kujua aweke wapi mikono yake. "Nilituma neno kwa serikali zote mbili kwamba mukono ya jana haikukuwa ya kisiasa. Mukono ya kilio ni ya marehemu. Hakuna mwenye alitoa, hakuna mwenye alipokea. Wamekubali."

Baadaye walisalimiana wazee wale mbele ya wapiga picha, katika ukumbi wenye milango miwili, na magazeti yakaandika kwamba ni mara ya kwanza. Waandishi walishangaa kidogo kuona benchi la kanisa katika ukumbi wa serikali. Jambo la kwanza walilokubaliana, kabla ya biashara na kabla ya mabalozi, lilihusu watu ambao barabara iliwafungia.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Citoyen Directeur alistaafu, akaniachia ofisi na ule mlango wa pili, ambao hatukuwahi kuuziba. Zaïre nayo ikaondoka, jina na bendera na abakosti, nasi tukarudishiwa majina yetu ya ubatizo, na mambo yaliyokuja Goma baadaye ninyi mnayajua. Leo niko hapa Keshero, naota jua asubuhi, na siwezi kuingia harusi ya mtu bila kuhesabu nani amekaa wapi. Wajukuu wananicheka. Na mimi nacheka, lakini ninakumbuka sana. Ninakumbuka tulivyoamini kwamba kiti kikiwekwa vizuri, vita vinaweza kungojea nje. Wakati mwingine niliona ni ujinga. Sasa naona kwamba ni ujinga wa kuutunza.

Vijana wa protokoli ya leo huja kuniuliza siri ya mazungumzo yale, wakidhani kuna ujanja tuliouficha. Huwa nawaeleza siku aliyorudi Yozefu.

Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, mwembamba, na mvi ambazo hakuondoka nazo. Alikuwa amesikia habari mpakani, kwa hiyo hakuuliza. Shangazi alimpa ile beseni. Udongo ulikuwa umekauka ukawa kama tofali, na tukiwa kaburini aliuvunjavunja kwa mikono, polepole, mpaka wote ukawa laini. Alipomaliza kuuweka alibaki amechuchumaa.

"Odeta," akasema, "ile barabara, njo weye uliifungulisha?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni Papa. Alikuwa anakungojea, akaona unachelewa."

Akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya kaburi, na hapo ndipo kaka yangu akalia kilio cha baba yake.